Mteja wa Somo la Sita

Mimi nina hasira za karibu. Mama mdogo Lukresia, aliyenilea, husema nilizaliwa nikiwa tayari nimechelewa mahali. Nalisema hili mapema ili nitakapofika kwenye siku niliyomfokea mbele ya wenzake, msije mkashangaa.

Kazi yangu ni kutunga masomo. Chuo chetu kiko Moshi mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati, na kinafundisha watu wazima wakiwa makwao. Wengi ni wauzaji wa maduka ya dawa ya vijijini, watu wa miaka arobaini, hamsini, wenye ng'ombe, wajukuu na vikao vya harusi kila Jumamosi. Huwezi kumtoa mtu kama huyo kwenye kihamba chake, shamba la nyumbani, ukamwacha nani akate majani ya ng'ombe, ukamweka kwenye dawati miezi tisa. Kwa hiyo somo linamfuata kwenye simu yake.

Mwaka wa kwanza tuliwatumia maandishi, kurasa sitini kwa kila somo. Walipakua, wakaandika "asante sana mwalimu", na hakuna aliyevuka ukurasa wa nne. Najua kwa sababu mfumo unaonyesha kila kitu: nani kafungua, saa ngapi, kakaa dakika ngapi. Nilinuna mwezi mzima. Kisha nikakaa na Shakiru, fundi wetu wa kompyuta, mtu mtulivu kiasi cha kunikera, tukatengeneza mteja.

Mteja ni mwanamke wa kuchorwa. Anaingia dukani kwenye simu yako, anakusalimu, anakueleza shida yake kwa sauti. Sauti ni ya Sikudhani, mke wa Shakiru. Tulimrekodi sebuleni kwao, mtaa wa Soweto, tukiwa tumefunga madirisha na kuzima feni, jasho likitutiririka, yeye akilalamika kuumwa tumbo kwa namna tisa tofauti. Chini ya picha kuna maswali. Ukibofya swali, mteja anajibu. Ukiuliza vizuri utajua umpe nini, au umpeleke wapi. Ukimuuzia dawa bila kuuliza, anakushukuru na kwenda zake, na hakuna alama nyekundu wala kengele ya kukuambia umekosea. Kesho yake ukifungua somo, anaingia jirani yake na kukueleza yaliyompata. Hapo ndipo nilipojivunia zaidi.

Tulitunga masomo tisa yenye wateja tisa. Wa somo la sita ni mjamzito ambaye hasemi kuwa ni mjamzito mpaka umuulize.

Watu waliyapokea vizuri ajabu. Mama mmoja wa Siha alinipigia simu anataka kujua mtoto wa mteja wa somo la pili amelazwa wodi gani, akamwone. Nilicheka, lakini nilivimba kichwa. Na walionivimbisha kichwa kuliko wote walikuwa watu wa Marangu.

Walikuwa tisa, na kila somo walipata mia kwa mia, wote. Mkuu wa chuo, Mwalimu Mathew, alichapisha mchoro wa alama zao akaubandika ukutani pale wageni wanapopita. Mama mdogo Lukresia alikuwa mmoja wao. Nilimwandikisha mwenyewe, tena kwa kumlazimisha, kwa sababu mkaguzi alikuwa ameshamwachia barua: mpaka mwisho wa Desemba awe na cheti, la sivyo duka lake litafungwa. Duka hilo ndilo lililonisomesha. Nimekulia nyuma ya kaunta yake, nimejifunzia kusoma kwenye maboksi ya dawa. Ana miaka hamsini na sita, hana mume, na bila duka hilo angebaki na migomba na kahawa kidogo ambayo siku hizi haimtajirishi mtu.

Shakiru aliniambia mapema. "Hilda, hawa wa Marangu wanafanya kila somo kwa simu moja. Wanamaliza mchana mmoja, mmoja baada ya mwingine, wote tisa."

"Mtandao wa huko ni wa shida," nikamjibu. "Wanakaa pamoja penye mtandao."

"Na wote wanabofya kwa mwendo uleule?"

Nikamwambia ashughulike na mitambo, watu aniachie mimi. Ukweli ni kwamba zile takwimu niliziona kabla yake. Sikutaka kuziuliza kitu kwa sababu zilikuwa zikinisifu.

Mwezi wa kumi Mwalimu Mathew akataka video. Kulikuwa na mkutano Arusha, naye alitaka kuwaonyesha wakubwa wanafunzi wetu wakiwa na simu mikononi, migomba nyuma yao, kila kitu. Nikapanda Marangu. Mama mdogo alikuwa amepika mtori wa kutosha harusi, na wenzake wote wanane walikuwa wameshakaa kwenye mabenchi uani, nyuma ya duka, wamevaa nguo za kanisani. Nikawaamkia waliostahili shikamoo, na hao ni karibu wote, nikasimamisha simu kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikaanza na Primus.

Primus ana duka kubwa la dawa kule chini Marangu Mtoni, sokoni. Ni mnene, mcheshi, wateja wanamwita Mangi naye anaitika. Nikamwambia afungue somo la sita atuonyeshe anavyomhudumia yule mteja.

Akacheka. "La sita si langu, mwalimu. La sita ni la Dominika. Mimi ni la tatu, kuhara na minyoo. Nikufungulie la tatu?"

Nilidhani anatania. Nikawatazama wengine, nikakuta wote wanatikisa vichwa kwa kukubali, tena kwa upole, kama watu wanaomsubiri mgeni aelewe.

Mama mdogo ndiye aliyenieleza. Maji ya kwao yanatoka juu kwa mfereji wa zamani, mfongo, uliochimbwa na mababu. Kila nyumba ina kipande chake cha kusafisha. Hupandi kwenda kusafisha mfereji mzima peke yako, utakufa bure, na hugusi kipande cha jirani maana hiyo ni kumtukana. Kila mtu akisafisha chake, maji yanafika kwa wote. Walipopewa masomo tisa, nao wakiwa tisa, hakuna hata aliyejadili. Wakagawana. Kila mmoja akachukua somo lake akalisoma mpaka akalikariri mbele na nyuma, kisha akapewa daftari lenye nywila za wenzake wanane, akalifanya somo hilo mara tisa.

"Na mteja akija dukani na shida isiyo ya somo lako?" nikauliza.

"Nampigia mwenye somo," akasema Primus. "Kidole kimoja hakivunji chawa, mwalimu."

Hawakuwa na aibu yoyote. Walikuwa wanajivunia. Na kusema kweli, kila mmoja kwenye somo lake alikuwa moto. Dominika, mjane mwenye duka juu kabisa karibu na msitu, alinieleza mambo ya dawa na ujauzito ambayo mimi mwenyewe ilibidi nifungue kitabu ili niyathibitishe. Mama mdogo alikuwa wa somo la nne, vipimo vya dawa za watoto. Alinitajia kiasi kwa kila uzito, kilo kwa kilo, macho kayafumba.

"Na Dominika asipopatikana?" nikauliza.

"Kwake simu inashika ukisimama nyuma ya zizi," mtu mmoja akasema, na wote wakacheka.

Hapo ndipo nilipofoka. Niliwafokea watu wazima, watu wa rika la wazazi wangu, kwenye ua wa mama mdogo, na mtori wake ukiwa kwenye mabakuli. Niliwauliza kama wanajua dawa ni sumu. Niliwauliza kama mgonjwa atawasubiri mpaka mtu azunguke nyuma ya zizi. Kisha nikamgeukia mama mdogo, kwa sababu mtu ukikasirika humrukia yule unayejua hatakuacha, nikamwambia, "Siku utakayobahatisha, mtu atakufa mikononi mwako. Bora uniandikie 'sijui' karatasi nzima kuliko kubahatisha dawa hata moja."

Mama mdogo alikuwa ameshika mwiko. Akasema, bila kupandisha sauti, "Ungetuambia tangu mwanzo kwamba kila mtu asafishe mfereji mzima."

Nikasema hilo nani anahitaji kuambiwa, ni sawa na kumwambia mtu chakula chake atafune mwenyewe. Lakini njiani kurudi mjini neno lake lilinikaa. Nilikuwa nimewatengenezea mteja anayelia, jirani anayeleta habari, kila ujanja wa kumfanya mtu asiiweke simu chini. Sikuwahi kujiuliza hiyo simu imeshikwa na nani.

Kanuni ya chuo iko wazi. Kundi likigundulika limedanganya linafutwa lote, na kurudi ni baada ya mwaka mmoja. Ningemweleza Mwalimu Mathew siku ileile, duka la mama mdogo lingefungwa Januari. Zilikuwa zimebaki wiki tatu wafanye mtihani wa karatasi, ukumbini, mjini, mbele ya msimamizi. Nikajiambia huo mtihani ndio utakaoamua, mimi ni nani niwahukumu kabla. Nikamwambia Mwalimu Mathew ukungu ulishuka, video haikutoka. Akasema hakuna neno, mchoro wa ukutani unatosha. Nikawafungulia wale tisa masomo yote upya, nikawaandikia kila mmoja asome yote, kwa mkono wake.

Wiki hizo tatu nilikuwa nashinda kwenye ukurasa wa takwimu. Mama mdogo alianza somo la kwanza, akakosea. Kesho yake jirani wa mteja akamjia na habari mbaya. Akarudia. Alirudia mara kumi na moja, mpaka hakuna swali lililomshinda. Akahamia la pili. Alikuwa mwendo wa kinyonga, na kila asubuhi nikifungua kompyuta nilitamani kumpigia nimwambie aharakishe, akipita mara moja moja inatosha. Sikumpigia. Tangu siku ile ya kufoka tulikuwa tunasalimiana tu kwa ujumbe.

Primus alimaliza yote siku mbili. Somo la sita alilikalia dakika sita.

Siku ya mtihani wakaja, wakafanya. Karatasi zina namba badala ya majina, lakini maandishi ya mtu aliyekufundisha kushika kalamu huyasahau? Nilipoifikia yake nilijua kabla sijasoma neno. Sehemu ya kwanza alijibu yote, sahihi. Ya pili, sahihi. Ya nne, sahihi mpaka nukta. Ya tatu ameifanya nusu. Zilizobaki, chini ya kila swali, hata yale ya kuchagua herufi tu ambayo mtu akifumba macho anaweza kupata, ameandika kwa mwandiko wake wa kulala, "Sijui." Sijui, sijui, sijui, mpaka ukurasa wa mwisho. Katika yote aliyoyajibu hakukosea hata moja.

Nilihesabu mara nne. Thelathini na nane. Kufaulu ni hamsini.

Wenzake wanane walibahatisha, wakafaulu. Dominika alipata sitini na tisa, na alistahili. Primus alipata hamsini na mbili, na sehemu ya sita, ile ya wajawazito, alikosa yote. Niliiona sifuri hiyo, niliiandika kwa mkono wangu, na kanuni yetu haisemi kwamba mtu akikosa sehemu nzima anarudishwa. Inatazama jumla tu.

Nilikaa na karatasi ya mama mdogo mbele yangu mpaka chai ikapoa. Alama kumi na mbili. Nani angejua? Nilikuwa nimeshawadanganyia watu tisa, kwa nini nishindwe kumwongezea mmoja? Lakini kila nilipoinua kalamu nilikuwa naiona ile "sijui", na mimi ndiye niliyemwomba aiandike. Nikaandika thelathini na nane. Nililia, tena si kidogo. Nilikuwa nimeficha uongo wa watu tisa kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye pekee ambaye uongo wangu haukumsaidia.

Nilipanda Marangu Alhamisi ya wiki ya pili ya Desemba, siku ya soko. Nilimkuta dukani anapanga dawa kwenye maboksi, zile za kurudisha kwa muuzaji wa jumla upande mmoja, zinazokaribia kuisha muda upande mwingine. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Nilikuwa nimejiandaa anilaumu, na ningefurahi angenilaumu. Badala yake alinipa kigoda na chupa ya chai, akaendelea kupanga. Nikamwambia samahani. Akasema samahani ya nini, mtihani alifanya yeye.

"Mama mdogo, yale ya kuchagua herufi ungejaza tu."

"Uliniambia nisibahatishe."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira unazo tangu utotoni. Siku ile ulikuwa umesema kweli."

Simu yake ikaita. Alikuwa Primus. Kwa kuwa mikono yake ilikuwa na maboksi, akaweka sauti ya juu na kuiacha juu ya kaunta. Nyuma ya sauti ya Primus soko lilikuwa linasikika, watu na honi.

"Mama Lukresia, nina mtoto hapa, miaka miwili, anachemka. Nimpe dawa ya homa kiasi gani?"

"Umempima uzito?"

"Ni wa kawaida tu."

"Mpime, Primus. Na muulize mama yake kama amempa chochote nyumbani."

Tulimsikia akimpima. Kilo kumi. Nyumbani hajapewa kitu. Mama mdogo akamtajia kiasi na mara ngapi kwa siku, akamwambia ikipita kesho kutwa homa bado ipo aende zahanati, na akamfanya arudie maneno yote. Mwanamke asiye na cheti alikuwa anamwelekeza mwenye cheti, na mimi niliyewapa alama wote wawili nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai.

"Asante. Sasa, mama mtu naye anasema mkojo unamchoma. Ana mimba kama ya miezi sita hivi. Nimpe nini?"

Mama mdogo akaacha kupanga. "Hilo silijui. Mpigie Dominika."

"Nimempigia, hapatikani."

"Basi mwelekeze zahanati."

"Zahanati leo kuna foleni, na gari lao linaondoka. Nitakadiria tu, Mama Lukresia. Si nimefaulu?" Akakata.

Nikaichukua ile simu nikampigia. Ikaita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena. Mama mdogo alikuwa ameshavua aproni. Hakufunga hata mlango wa duka, akamwita jirani aangalie, tukashuka. Kwa miguu ni kama robo saa mpaka Mtoni. Mama wa miaka hamsini na sita alinitangulia njia nzima, nami nyuma yake napiga simu isiyopokelewa.

Duka la Primus lilikuwa limejaa. Cheti chake kilikuwa ukutani, kwenye fremu yenye kioo, na sahihi ya chuo chini. Alipotuona akachangamka.

"Yule mwenye mimba yuko wapi?" nikauliza.

"Ameondoka sasa hivi. Nimempa vidonge vya doksi, vya siku saba."

Nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba mjamzito hapewi doksi. Nikamwambia ni dawa inayoingia kwenye mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni, na kwamba hilo ndilo swali la pili la somo la sita. Safari hii sikufoka. Nadhani ndiyo maana aliogopa.

"Haitamwua," akasema, akitaka nimkubalie.

"Anaitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Anatoka wapi?"

"Mwalimu, leo soko. Watu wanatoka kila mahali, mpaka Rombo."

Katika kila somo langu, swali la kwanza kabisa ni jina la mteja na anakotoka. Lakini swali hilo sikuliwekea alama. Watu walishagundua kwamba ukiliruka hupungukiwi kitu, wakawa wanaliruka.

Tulizunguka soko zima. Tuliuliza wauza ndizi, wauza mitumba, makondakta, mabibi wa pombe ya mbege. Mama mwenye mimba na mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Kila mtu alikuwa amemwona, na kila mmoja alituelekeza upande wake. Jioni soko lilipovunjika tulirudi dukani kwa Primus tukakaa. Alikuwa amefunga mlango. Mama mdogo akasema kilichobaki ni matangazo ya Jumapili, kanisa letu na makanisa yote ya jirani, na msikiti wa Mtoni upelekewe habari kesho, Ijumaa.

"Tuseme tu duka moja la dawa," akasema Primus.

"Duka moja lipi?" mama mdogo akamuuliza. "Watu wamenunua dawa maduka kumi wiki hii. Lazima tutaje duka, siku, na aina ya dawa. Na watauliza imekuwaje mtu mwenye cheti akosee." Hapo akanitazama mimi. "Mficha uchi hazai, Hilda. Hilo la cheti huwezi kumwachia Primus alieleze."

Nilijua maana yake. Nikisimama kueleza, vyeti vinane vimekwenda, na kazi yangu pia. Dominika na wenzake watapoteza walichokipata. Primus alianza kulia, na mimi, ambaye alikuwa akinikera tangu mwezi wa kumi, nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza. Yeye alikadiria mara moja. Mimi nilikadiria miezi tisa, nikitazama takwimu.

Ijumaa nilimwandikia Mwalimu Mathew barua, nikaeleza yote tangu yale maneno ya Shakiru. Hakunijibu. Baadaye nilisikia kwamba jambo la kwanza alilofanya ni kubandua ule mchoro.

Jumapili, misa ya kwanza, kabla ya baraka ya mwisho, katekista alisoma matangazo ya ndoa na ya kusafisha kanisa, kisha akanipa kipaza sauti. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje. Wale wanafunzi wangu walikuwa wametawanyika kwenye mabenchi, na habari ilikuwa imeshawafikia, kwa sababu karibu wote walikuwa wakitazama sakafu. Dominika peke yake ndiye aliyenitazama usoni, kwa chuki.

Nikasema jina langu, na mtoto wa nani, na kazi yangu. Nikasema Alhamisi, kwenye duka la Primus, mama mjamzito mwenye mtoto wa miaka miwili aliuziwa dawa ambayo hakupaswa kupewa. Nikasema aliyemuuzia alikuwa na cheti, na kwamba cheti hicho nilimpa mimi huku nikijua hajasoma. Nilikuwa nimeandika karatasi ndefu zaidi ya hapo, lakini nikaikunja. Nikarudia tu kwamba asiendelee kuimeza, na kama yumo humu, au kuna anayemjua, ajitokeze.

Hakuna aliyejitokeza. Nilisimama pale nikisikia watoto wachanga na viatu vya watu wanaobadilisha mguu. Katekista akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

Ndipo bibi mmoja, karibu na mlango wa pembeni, akasimama kwa kushikilia benchi la mbele. "Vidonge vyenyewe vina rangi gani?"

Nikamtafuta Primus kwa macho. Alikuwa ameshasimama. "Kijani, bibi. Kwenye bahasha ya kaki."

"Ni mkwe wangu," bibi akasema. "Ameshameza vya siku tatu. Tena leo asubuhi alikuwa hataki, vinamtia kichefuchefu. Nimemlazimisha mimi, nikamwambia vimetoka kwa mtu aliyesoma."

Nikashuka mpaka alipokuwa. Nikamwambia mkwe wake asimeze tena hata kimoja, na kwamba tukitoka hapa tunampeleka zahanati, mimi na yeye, sasa hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue uso ili anione vizuri.

"Na wewe ndiye mwalimu wao?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.